Soda ya Chuma: Nikifuata Nyayo za Mtu wa Bijombo

"Baba yetu alikuwaka soda ya chuma." Soda, kwa Kiswahili cha huku Kongo, ni askari. Bibi aliyeniambia maneno hayo ni mzaliwa wa Bijombo, juu milimani. Siku hizi anaishi mjini Uvira, upande wa Kavimvira, kwa sababu vita vya miaka ya karibuni vimetawanya watu wa milima ile. Mjukuu wake alinionyesha picha kwenye simu: kifaru cha kijeshi, mzinga mbele, minyororo ubavuni. Kwa familia nzima mambo yamekwisha, mzee wao alipigana ndani ya kifaru. Lakini bibi mwenyewe hakutamka kifaru. Alisema chuma. Chuma gani?

Nikaomba kuona chochote kilichobaki. Bibi akafungua kitambaa, akatoa bizimu ya shaba ya mkanda wa ngozi. Mkanda wenyewe uliliwa na panya zamani. Nyuma ya bizimu zimegongwa namba. Tatu zinasomeka, ya nne imesuguliwa mpaka imekuwa laini kama kucha. Askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji huku Kongo, walikuwa na namba zao za matrikule, yaani za usajili. Hata hivyo, namba ya bizimu inaweza kuwa ya ghala tu. Je, nilikuwa nimeshika mtu mkononi, au mali ya stoo?

Nikaanza na hesabu ya umri, kwa kuwa kalamu na karatasi havina upendeleo. Bibi anasema alikuwa bado mgongoni kwa mama yake baba alipoondoka kwenda "vita ya Abisinia", Ethiopia ya leo. Hiyo ni 1941. Lakini wajukuu wanasimulia pia kwamba mzee huyo huyo aliingia Tabora na wenzake. Hiyo ni 1916. Mtu aliyekuwa kijana wa kubeba bunduki mwaka 1916 angekuwa mtu mzima wa makamo mwaka 1941. Na kwa desturi ya ukoo, "baba yetu" aweza kuwa mzazi, aweza kuwa babu. Je, tulikuwa tunamtafuta mtu mmoja au wawili?

Nikaanza na wa zamani. Juni 1916 vikosi kutoka upande wa Kongo vilikuwa vimeshaingia Usumbura, Bujumbura ya leo. Tarehe 28 Julai vikaingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba vikaitwaa Tabora. Sasa weka tarehe nyingine kando yake: vifaru viliingia vitani kwa mara ya kwanza duniani tarehe 15 Septemba 1916, huko Ufaransa. Siku nne tu kabla ya Tabora. Hapakuwa na kifaru kwenye njia ya kutoka mto Ruzizi kwenda Tabora, na picha ya kwenye simu ya mjukuu inaanguka hapo. Basi kama si kifaru, ni chuma gani kingine kilichokuwa kikitembea mwaka ule?

Mvuvi mzee wa Kalundu, bandarini Uvira, alinijibu bila kusita: meli. Nilimwelewa. Wajerumani walileta Kigoma meli Graf von Götzen ikiwa vipandevipande ndani ya masanduku, wakaiunga huko mwaka 1915. Ilikuwa na urefu wa mita 70 hivi. Ukiwa mlimani Bijombo na hujawahi kuona chombo kikubwa kuliko mtumbwi, ungeiitaje kama si chuma? Ila hiyo ilikuwa meli ya adui. Mabaharia wake waliizamisha wenyewe Julai 1916 ili isitekwe. Upande wa pili, Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou, zikakokotwa kupita milima ya Mitumba hadi kituo cha Wabelgiji karibu na Kalemie ya leo. Zilikuwa za mbao za mkangazi. Nani angeziita chuma?

Nikahamia kwa yule wa pili, wa Abisinia. Hapa kumbukumbu ni nyingi zaidi. Askari wa Kongo walipita Sudan, wakapigana Asosa na Gambela mwezi Machi 1941. Tarehe 3 Julai majeshi ya Italia yalisalimu amri huko Saïo, na majenerali tisa wakatekwa. Taarifa za vita ile zinasimulia mvua, tope, njaa na maradhi. Zinasimulia askari wa miguu wakipanda milima. Chuma cha kutembea nilikitafuta humo ukurasa kwa ukurasa, nikakuta bunduki, mizinga midogo na miguu ya watu. Je, nilikuwa nasoma vita isiyo yake?

Kuna njia nyingine iliyonipa matumaini. Mwaka 1942 brigedi ya Kongo ilipelekwa Nigeria, na baadaye wengine wakafika Misri na Palestina. Ilikuwa brigedi ya magari. Hapo nadhani masimulizi mengi ya familia hupotea njia: gari la kijeshi linakuwa gari la deraya, na gari la deraya linakuwa kifaru kabla mjukuu wa tatu hajazaliwa. Kupanda lori la jeshi hakumfanyi mtu kuwa askari wa deraya. Lakini bibi hajawahi kutaja Misri wala jangwa. Kwa nini nimbebeshe safari ambayo hakuisimulia?

Nikatafuta karatasi. Familia iliyokuwa na bahasha ya pensheni ya ndugu yao, hapa Uvira, iliipoteza Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika na kusomba nyumba. Nyingine iliacha kila kitu mlimani ikikimbia usiku. Makaratasi mengi ya jeshi la kikoloni yako Brussels, na namba yenye tarakimu tatu na doa haifungui jalada lolote. Nilipofika hapo nilikaribia kuacha. Kisha nikajiuliza: nimeuliza makaratasi mengi, bibi mwenyewe nimemuuliza nini hasa?

Nikarudi kwake. Safari hii sikutaja kifaru wala meli. Nilisema, "Bibi, hicho chuma, mzee alikuwa ndani yake, au alikuwa juu yake?" Alinitazama kama mtoto asiyejua kitu. "Mwanangu, chuma ndicho kilikuwa juu yake." Akagusa bega la kulia. Kumbe "baba yetu" ni babu yake. Alikuwa, anasema, na sugu pale, ngumu kama kisigino, na watoto walikuwa wakiigusa wakicheka. Sugu inaweza kutokana na kuni na mizigo ya shamba, nalijua hilo. Lakini vita ya 1916 ilipandishwa milimani kwa mabega. Mizinga ilifunguliwa vipande, ikabebwa na watu pamoja na risasi na unga. Idadi inayotajwa ya wapagazi upande wa Wabelgiji ni kama 260,000. Wangapi kati yao waliandikwa majina?

Hapo ndipo uzito wa jambo uliponikalia. Chuma kina historia kamili. Graf von Götzen iliibuliwa 1924, ikaitwa Liemba tangu 1927, na tunajua iliundwa wapi na ina urefu gani. Mtu aliyebeba chuma kupita milima hii amebaki na sugu iliyomo ndani ya kumbukumbu ya mwanamke mmoja mzee. Bizimu, kwa dhana yangu, ni ya mwana wa mpagazi huyo, yule wa Abisinia. Sijaithibitisha, na mjukuu nimemwambia hivyo hivyo. Aliifuta picha ya kifaru, akawasha kinasa sauti, akakisogeza karibu na bibi yake. Nyumbani kwenu, mzee wenu mmemuuliza, au mmemjibia?