Raia wa Uingereza ana sauti gani mbele ya serikali yake?

SERIKALI ya chama cha Labour nchini Uingereza haikuwa imetimiza hata mwezi mmoja madarakani pale Waziri wa Fedha, Bi Rachel Reeves, alipotangaza mnamo Julai 29, 2024 kwamba wazee wengi hawatalipwa tena fedha za kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Malipo hayo ya pauni 200 au 300 kwa mwaka yalianzishwa mnamo 1997, na kwa miaka mingi yalitolewa kwa kila mzee aliyefikisha umri wa pensheni, awe tajiri awe maskini. Kwa tangazo hilo moja, wazee wapatao milioni 10 waliondolewa katika orodha, na kuachwa wale tu wa kipato cha chini kabisa. Jambo hilo halikuwa limetajwa popote katika ilani ambayo chama hicho kiliwaombea wananchi kura.

Septemba 10 mwaka huo, wabunge waliidhinisha uamuzi huo kwa kura 348 dhidi ya 228. Kwa hesabu ya Bunge, hoja ilikuwa imefungwa. Nje ya Bunge ndiyo kwanza ilikuwa ikifunguliwa. Barua zilimiminika katika ofisi za wabunge, vyama vya kutetea wazee vikapaza sauti, na wagombea wa Labour waliobisha hodi milangoni kutafuta kura za mabaraza ya miji walikutana na lalamiko hilo hilo kila mahali. Katika uchaguzi wa Mei 1, 2025, chama cha Reform UK kilinyakua mamia ya viti vya mabaraza. Siku hiyo hiyo Labour ilipoteza uchaguzi mdogo wa ubunge katika eneo la Runcorn na Helsby kwa tofauti ya kura 6, ilhali mwaka mmoja nyuma ilikuwa imelitwaa kwa tofauti ya kura zaidi ya 14,000. Mei 21, Waziri Mkuu Bw Keir Starmer alisimama Bungeni na kusema angependa wazee zaidi warejeshewe malipo. Kufikia Juni 9 ilikuwa imetangazwa kwamba kila mzee ambaye mapato yake hayazidi pauni 35,000 kwa mwaka atalipwa.

Serikali ilieleza kuwa hali ya uchumi ndiyo iliyoiruhusu kulegeza kamba. Pengine. Lakini uchumi haukuwa umebadilika sana kati ya Aprili na Juni. Kilichobadilika ni idadi ya wabunge waliokuwa na hofu ya kupoteza viti.

Hofu hiyo ndiyo ufunguo wa kuelewa jinsi maoni ya mwananchi wa kawaida yanavyofika, au yanavyokosa kufika, mahali ambapo maamuzi hufanywa. Uingereza haina katiba iliyoandikwa katika kitabu kimoja kama ya Kenya. Bunge ndilo lenye kauli ya mwisho, na serikali hutokana na chama chenye wabunge wengi katika lile Bunge la kuchaguliwa, ambalo watangazaji wa Kiswahili waliliita Bunge la Makabwela ili kulitenganisha na lile la Mamwinyi. Mwananchi hamchagui Waziri Mkuu. Humchagua mbunge mmoja wa eneo lake, na kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, ambao unaweza kukawia hadi miaka mitano, ana haki ya kusikilizwa lakini hana haki ya kutiiwa.

Isitoshe, mfumo wenyewe wa kura huweza kuipa serikali nguvu isiyolingana na kura ilizopata. Mshindi wa eneo bunge ni yule aliyewatangulia wenzake, hata kama walio wengi hawakumtaka. Katika uchaguzi wa Julai 4, 2024, Labour ilipata takriban asilimia 34 ya kura ikatwaa viti 411 kati ya 650. Reform UK ilipata zaidi ya asilimia 14 ikaambulia viti vitano. Waingereza waliulizwa katika kura ya maoni ya Mei 2011 kama wangependa kubadili utaratibu huo, na zaidi ya thuluthi mbili wakasema la. Hata hivyo, ushindi wa namna hiyo una udhaifu wake. Ni mpana lakini ni mwembamba, kwa kuwa wabunge wengi huketi juu ya tofauti ndogo ya kura, na barua mia chache kutoka mtaa mmoja humkosesha usingizi mbunge wa aina hiyo. Julai 1, 2025, baada ya zaidi ya wabunge 120 wa Labour kutia sahihi hoja ya kupinga mswada wa serikali yao wenyewe, mpango wa kupunguza misaada kwa walemavu uling'olewa ndani ya mswada huo saa chache tu kabla ya kura kupigwa. Viranja wa chama walikuwa wamejaribu kila njia kuwatuliza.

Ndiyo maana njia iliyo kongwe na isiyo na kishindo, yaani kumwona mbunge ana kwa ana, bado ina uzito kuliko nyingine nyingi. Wabunge wengi hutenga siku, aghalabu Ijumaa au Jumamosi, za kuketi katika maktaba, ukumbi wa kanisa au jumba la kijamii na kuwasikiliza watu wa eneo lao. Wanaofika huleta shida za nyumba, vibali vya uhamiaji, foleni za hospitali. Na katikati ya shida hizo humo hutoka maoni kuhusu vita, kodi na Ulaya. Desturi isiyoandikwa inamkataza mbunge kushughulikia kesi ya mtu wa eneo la mwenzake. Ukaribu huo umekuwa na gharama. Bi Jo Cox aliuawa Juni 16, 2016 nje ya maktaba ya Birstall alikokuwa akienda kukutana na wananchi, na Sir David Amess akachomwa kisu hadi kufa Oktoba 15, 2021 akiwa katika kikao kama hicho ndani ya kanisa mjini Leigh-on-Sea. Ulinzi umeongezwa tangu hapo, lakini vikao havikufutwa.

Wasioweza au wasiotaka kumwona mbunge huandika maombi ya umma. Haki ya kumpelekea Mfalme maombi bila kuadhibiwa ilithibitishwa na Sheria ya Haki ya mwaka wa 1689, na katika karne ya 19 ilitumiwa kwa kishindo na vuguvugu la Chartist. Mnamo 1842 wafuasi wake walipeleka Bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya milioni tatu wakidai kura kwa kila mwanamume mtu mzima, kura ya siri, mishahara kwa wabunge na mengineyo. Wabunge walikataa hata kuwasikiliza, kwa kura 287 dhidi ya 49. Inafaa kukumbukwa kwamba wengi wa waliotia sahihi hawakuwa na kura, hivyo mbunge hakuwa na la kuogopa kutoka kwao. Kati ya madai yao sita, matano yalikuja kuwa sheria. Ni lile la kufanya uchaguzi kila mwaka tu ambalo halikutimizwa.

Serikali ya Bw Tony Blair iliyahamishia maombi hayo katika mtandao wa intaneti mnamo Novemba 2006, na miezi michache haikupita kabla ya kujuta. Ombi la kupinga mpango wa kuwatoza madereva ada kulingana na umbali waliosafiri lilikusanya sahihi zipatazo milioni 1.8 kufikia Februari 2007. Bw Blair alilazimika kuwaandikia barua pepe waliotia sahihi, akiwaeleza kuwa uamuzi haujafikiwa. Mpango huo wa nchi nzima haukutekelezwa.

Utaratibu wa leo ulianza 2015 na husimamiwa na kamati ya Bunge. Raia, au mtu yeyote anayeishi nchini humo, anaweza kuanzisha ombi akiungwa mkono na watu watano. Likifikisha sahihi 10,000 serikali hutoa jibu la maandishi; likifikisha 100,000 kamati hufikiria kulipeleka lijadiliwe. Mjadala wenyewe hufanyika katika ukumbi wa pembeni, na hauishii kwa kura inayoweza kuilazimisha serikali kufanya lolote. Ombi lililovunja rekodi zote ni lile la 2019 lililotaka Uingereza ifute hatua ya kujiondoa katika Umoja wa Ulaya. Liliungwa mkono na watu zaidi ya milioni 6.1, na mitambo ikazidiwa na wingi wao. Likajadiliwa Aprili 1, serikali ikakataa, na nchi ikatoka katika umoja huo Januari 31, 2020. Tovuti hiyo ya maombi huonyesha ramani ya sahihi kwa kila eneo bunge, na mbunge mwenye busara haitazami jumla ya nchi. Hutazama kijisehemu chake tu. Kwa ombi hilo, sahihi zilifurika katika miji ambayo tayari ilikuwa imepiga kura ya kubaki Ulaya mnamo Juni 2016, zikawa haba kule ambako wabunge walihitaji kushawishiwa.

Maandamano nayo yana hesabu hiyo hiyo. Februari 15, 2003, jiji la London lilishuhudia umati ambao polisi waliukadiria kuwa watu 750,000, huku waandalizi wakitaja hadi milioni mbili, wote wakipinga vita vya Iraq. Mwezi mmoja baadaye, Machi 18, Bunge liliidhinisha vita kwa kura 412 dhidi ya 149. Wabunge 139 wa Labour waliasi, na Bw Robin Cook alikuwa amejiuzulu wadhifa wake katika baraza la mawaziri siku iliyotangulia, lakini chama kikuu cha upinzani, Conservative, kilimuunga mkono Bw Blair. Mwandamanaji hakuwa na chama kikubwa cha kukimbilia. Labour ilishinda tena 2005, ingawa wingi wake Bungeni ulishuka kutoka viti 167 hadi 66. Ghadhabu ile ililipa deni lake kwa kuchelewa: Agosti 29, 2013, Bw David Cameron alipoomba idhini ya kuishambulia Syria, alishindwa kwa kura 285 dhidi ya 272, na kivuli cha Iraq kilitanda juu ya mjadala wote.

Kinyume chake ni kodi ya kichwa. Jina hilo linawafahamisha Wakenya mengi, kwa kuwa babu zao walitozwa kodi ya vibanda na ya kichwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza. Bi Margaret Thatcher aliileta kodi ya aina hiyo kwa watu wake mwenyewe, akaanza na Scotland mnamo 1989, kisha England na Wales mwaka uliofuata. Tajiri katika jumba lake na mfagiaji katika chumba cha kupanga walitozwa kiasi kimoja katika mji mmoja. Mamilioni walikataa au walichelewa kulipa, mahakama zikajaa kesi, na Machi 31, 1990 ghasia zikazuka katika uwanja wa Trafalgar. Husemwa mara nyingi kuwa ghasia hizo ndizo zilizoiangusha kodi. Kilichowatetemesha wabunge wa Conservative zaidi ni uchaguzi mdogo wa Eastbourne mwezi Oktoba, ambapo kiti walichokihesabu kuwa salama kabisa kilichukuliwa na Liberal Democrats. Mwezi uliofuata, wabunge hao walimtosa Bi Thatcher. Mrithi wake, Bw John Major, alipandisha kodi ya bidhaa kutoka asilimia 15 hadi 17.5 ili kupunguza makali ya kodi ya kichwa, kisha akaifuta kabisa mnamo 1993.

Mlango mwingine ni wa mahakama, nao haujali wingi wa watu. Bi Gina Miller, mfanyabiashara mzaliwa wa Guyana, aliishinda serikali mara mbili katika Mahakama ya Juu: Januari 2017 majaji waliamua kwamba serikali haiwezi kuanzisha hatua ya kutoka Ulaya bila idhini ya Bunge, na Septemba 24, 2019 majaji wote 11 walisema kwa kauli moja kuwa Bw Boris Johnson alivunja sheria kwa kuliahirisha Bunge. Mlango huo umewahi kufunguliwa hata na wasio raia. Wazee wa Mau Mau walioshtaki serikali ya Uingereza mjini London mnamo 2009 kwa mateso ya miaka ya hamsini waliruhusiwa na Mahakama Kuu, Oktoba 2012, kuendelea na kesi. Juni 6, 2013, Waziri wa Mashauri ya Kigeni, Bw William Hague, alieleza Bungeni masikitiko ya serikali yake na kutangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228.

Mkenya anayeishi Uingereza ana zaidi ya mlango wa mahakama, ingawa wengi hawalijui jambo hili. Kwa kuwa Kenya ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, Mkenya aliyetimiza umri wa miaka 18 na anayeishi huko kwa kibali halali anaweza kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge la Uingereza bila kuwa raia wa nchi hiyo. Haki hiyo wanayo pia Watanzania na Waganda, lakini si Wakongo wala Warundi. Katika kura ya maoni ya 2016, mwanafunzi kutoka Kisumu aliyeandikishwa angeweza kuamua kuhusu Ulaya, huku Mfaransa aliyeishi London miaka 20 bila kuchukua uraia akitazama tu. Sheria ya mwaka wa 2022 inamtaka mpiga kura kuonyesha kitambulisho chenye picha kituoni, na pasipoti ya Kenya ni miongoni mwa vinavyokubaliwa.