Mawe ya Engaruka: Kazi ya Wazee wa Nchi Hii

Katika mwaka wa Jubilii twakumbuka kazi za waliotutangulia. Basi yafaa tuwakumbuke na wakulima waliokaa katika nchi hii kabla ya misioni ya kwanza kufika bara. Majina yao yamepotea, lakini kazi ya mikono yao ingali yaonekana.

Engaruka iko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika wilaya ya Monduli, kati ya ziwa Natron na ziwa Manyara. Mvua ya huko ni haba, lakini mto washuka kutoka milima ya Ngorongoro, wala haukauki. Kwa ajili ya maji hayo watu walikaa pale tangu karne ya 15 hata karne ya 18. Walijenga vijiji saba mtelemkoni, na kila nyumba ilikaa juu ya kiwanja kilichosawazishwa na kuzuiwa kwa ukuta wa mawe matupu, pasipo chokaa.

Chini ya vijiji yalikuwa mashamba, yapata ekari 5,000. Walitoa mifereji mtoni na katika vijito vya jirani, wakaiongoza kando ya mtelemko kwa kipimo chema, hata maji yakafika mbali. Mashamba yaligawanywa kwa mistari ya mawe. Maji yakapita polepole, nayo yakaacha udongo mzuri yaliouchukua mlimani. Humo walipanda mtama.

Mzungu Gustav Fischer alipita hapo mwaka wa 1883, akayaona magofu. Mwaka wa 1935 L. S. B. Leakey alikisia ya kuwa watu 30,000 au zaidi walikaa pale. Wataalamu waliomfuata wameipunguza sana hesabu hiyo, maana si nyumba zote zilizokaliwa wakati mmoja. Tena wako waliodhani ya kuwa kazi kubwa namna hii ni ya wageni waliotoka mbali. Sivyo. Uchimbaji ulioanza miaka ya 1960 umeonyesha ya kuwa ni kazi ya Waafrika wakulima. Na Wasonjo, walioko kaskazini, wangali wanalima kwa mifereji hata leo.

Kwa nini wakaondoka? Baadhi ya vijito vilivyonywesha mashamba yao sasa ni vikavu. Maji yakipungua, shamba la mwisho wa mfereji hukauka kwanza, na mwenyewe hana budi kuhama.

Walimu, wafundisheni watoto habari hii, wasije wakadhani ya kuwa wazee wao hawakujua kitu. Waonyeni pia wasiyaondoe mawe yale, maana ndiyo kitabu pekee walichotuachia watu wale. Nasi tufikiri: mfereji haukuchimbwa na mtu mmoja, wala haukudumu pasipo watu kupatana zamu za maji. Isaka alivifukua tena visima vya Abrahamu baba yake, akaviita kwa majina yale yale. Sisi nasi tuliorithi maji na udongo, tuvitunze, ili watakaokuja nyuma yetu wasikute mawe tu.