Uraibu wa Mitandao ni wa Nani?

Kwa wazee wa pwani, uraibu haukuwa ugonjwa. Ulikuwa tambuu: jani lenyewe, popoo, chokaa na kipande cha tumbaku, vikakunjwa pamoja na kutiwa shavuni. Mgeni alikaribishwa kwa uraibu, na bibi aliyeishiwa alimtuma mjukuu kwa jirani kabla jua halijachwa. Neno likapanuka, likaja kutaja ile hali ya mtu kutawaliwa na kitu alichokizoea. Leo ndilo neno la wataalamu: kuna uraibu wa pombe, uraibu wa kamari, na huu wa karibuni, uraibu wa mitandao ya kijamii.

Lingeweza kuchukuliwa neno jingine. Wengi husema ulevi wa simu, na wanaeleweka, lakini mlevi hujulikana kwa kuyumba na kuropoka. Anayeperuzi Instagram saa sita za usiku ana akili timamu. Anajua kesho ana kazi, anajua macho yanamuuma, na bado kidole kinasukuma kioo. Uteja una makali ya mtaani: teja ni mtu wa unga, na sijui mzazi atakayekubali kumpeleka binti yake kwa mshauri ikiwa jina hilo litatangulia. Utegemezi nalo limeshachukuliwa na watu wa takwimu, ambao kwao mtegemezi ni mtoto au mzee anayelishwa kwa kipato cha mwingine. Uraibu linashinda kwa sababu nyingine pia: lina kumbukumbu ya ukarimu. Tambuu ilitafunwa barazani, katikati ya maongezi. Wala hakuna aliyejiunga na WhatsApp akitafuta kileo. Watu waliingia kwa kuwa ndugu na marafiki walikuwa wameshaingia.

Dhana yenyewe, kule ilikotoka, ilianza kwa mzaha. Mwaka 1995 daktari wa magonjwa ya akili wa New York, Ivan Goldberg, alitunga dalili za ugonjwa wa uraibu wa intaneti ili kuwakejeli wenzake waliopenda kugeuza kila tabia kuwa maradhi. Kejeli haikufika mbali. Wakajitokeza watu waliosema kwa dhati kwamba wanaumwa, na mwaka uliofuata mwanasaikolojia Kimberly Young aliwasilisha utafiti wake kuhusu uraibu huo kwenye mkutano wa wanasaikolojia wa Marekani mjini Toronto, bila mzaha wowote.

Tangu hapo vitabu vya tiba vimekwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 uliiweka kamari pamoja na dawa za kulevya, ikawa mara ya kwanza kwa tabia isiyohusisha kumeza wala kuvuta chochote kuhesabiwa hivyo. Shirika la Afya Duniani likafuata: ainisho lake jipya la magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, lina tatizo la michezo ya kompyuta. Mitandao ya kijamii haimo. Kwa hiyo mtaalamu wa redioni anaposema "ugonjwa wa uraibu wa mitandao" ametangulia mbele ya kitabu. Simlaumu sana, msikilizaji aliyepiga simu hana muda wa kungoja toleo lijalo.

Kinachofaa ni kujua neno linadai nini. Kwa michezo ya kompyuta, Shirika la Afya linataka kuona mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umepewa nafasi ya juu kuliko mambo mengine ya maisha, na mhusika anaendelea hata baada ya kuona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Wingi wa saa hautoshi. Muuza vitenge anayeshinda mtandaoni akijibu wateja anafanya kazi. Kijana anayeingia kwa dakika chache tu, lakini katikati ya mtihani, au akiwa kwenye bodaboda kwa mkono mmoja, ndiye wa kutazamwa. Kumwita kila mpenda simu mraibu ni kulipunguzia neno uzito, na siku atakapokuja mwenye shida ya kweli hatutakuwa na la kumwambia.

Sasa a-unganifu. "Uraibu wa mitandao" ina ile "wa" inayotatiza kwa namna ileile ya "woga wa simba": ni mtu anayemwogopa simba, au simba ndiye mwoga? Mwanasarufi angetaka tuseme "uraibu kwa mitandao" ili mambo yanyooke. Mimi ningeiacha kama ilivyo, kwa sababu maana zote mbili ni za kweli. Uraibu ni wa mtumiaji, na pia ni mali ya mitandao, umetengenezwa nayo. Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, ule unaoshuka bila kukutaka ubofye chochote, na baadaye akaujutia hadharani. Mwaka 2009 Facebook ikaleta kitufe cha laiki. Kabla ya hayo yote, B. F. Skinner alikuwa ameonyesha kwa njiwa kwamba mnyama anayepata punje kwa kubahatisha hudonoa kwa bidii na hachoki upesi, maana hajui kudonoa kupi kutalipa. Video nne za ovyo, ya tano inachekesha. Oktoba 2023 majimbo zaidi ya 30 ya Marekani yaliishtaki Meta yakidai imesanifu Facebook na Instagram kwa makusudi ili kuwanasa watoto. Kampuni ilikana. Kiini cha ubishi huo ni maana ya pili ya "wa".

Uganda walikuwa na jibu la namna yake. Rais Museveni aliandika mwaka 2018 akilalamikia lugambo, yaani umbea, na kuanzia Julai mwaka huo kila aliyetaka kufungua mitandao alilipa shilingi 200 za Uganda kwa siku. Wengi walijificha nyuma ya VPN, na mwaka 2021 kodi hiyo ikabadilishwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Hapo mtumiaji alionekana mmbea mwenye pesa za kutozwa, na aliyeusanifu mtego hakuguswa.

Jambo moja vipimo vya ughaibuni havilijui: ukurasa usio na mwisho, kwetu, una mwisho wake, nao ni bando. Linapokatika, wengine hulala. Wengine hukopa, au hutumia nauli ya kesho, au hukesha wakingoja bando la usiku lililo nafuu. Ile hali ya kuhangaika, kukasirika bure na kushika simu isiyo na kitu, wataalamu wetu huiandikia maneno matatu au manne, dalili za kuacha matumizi na mfano wake. Mtaani ina neno moja tangu zamani za unga: arosto. Linatamkika na linaeleweka hata na asiyesoma saikolojia. Ningependa kuliona kamusini, upande wa istilahi za afya, bila alama ya misimu.