Mfuko wa Maji Mgongoni mwa Mbwa

Kaeni kitako, tuanze. Leo tutasimulia habari za ugonjwa mmoja wa mbwa, na jinsi madaktari walivyojifunza kuupasua.

Pengine umepata kumwona mbwa anayeyumba nyuma kama mlevi, akiburura vidole hata kucha zikalika. Mara nyingi halii, wala hakatai chakula. Mwenyewe husema, "Ameteguka tu, atapona." Lakini siku zapita, na miguu yazidi kulegea.

Je, kuna nini mgongoni? Papasa mgongo wako mwenyewe. Utagusa mifupa midogo iliyopangwa kama shanga. Kila mfupa una tundu, na ndani ya matundu hayo hupita kamba laini ya mishipa ya fahamu, itokayo kwenye ubongo. Kamba hiyo ndiyo inayopeleka amri ya kutembea. Imezungukwa na maji, na maji hayo yamefungwa kwa ngozi nyembamba. Mara nyingine maji hujikusanya mahali pamoja, yakafanya mfuko. Mfupa hautanuki, kwa hiyo mfuko ukijaa huibana kamba, na amri haifiki miguuni.

Visu walikuwa navyo madaktari tangu zamani. Kilichowashinda ni kujua pa kukata.

Mwaka 1887, mjini London, Victor Horsley alimpasua mtu aliyepooza miguu kwa sababu ya uvimbe mgongoni. Wakati ule Horsley alikuwa pia mkuu wa Brown Institution, nyumba ya kutibu na kuchunguza wanyama. Eksirei haikuwako bado. Mwenzake, William Gowers, alikadiria mahali pa uvimbe kwa kuangalia mgonjwa anaumwa wapi na hahisi wapi. Horsley akafungua mfupa, asione kitu. Akapanda juu kidogo, akafungua tena. Mara akauona uvimbe, akautoa. Yule mtu akatembea tena.

Mwaka 1895 Röntgen wa Ujerumani akavumbua eksirei. Lakini eksirei huonyesha mifupa. Mfuko wa maji hauonekani. Basi katika mwaka 1921 na 1922, Wafaransa wawili, Sicard na Forestier, wakaeleza namna ya kutia mafuta yenye aidini kuizunguka kamba ya mgongo. Mafuta hayo huonekana katika eksirei, na hapo ndipo mahali palipobanwa pajulikanapo. Baadaye dawa nyingine za namna hiyo zikatumiwa kwa mbwa pia.

Mwaka 1968 Gage, Hoerlein na Bartels wa Marekani wakaandika habari za mfuko wa maji ulioibana kamba ya mgongo wa mbwa. Mwaka 1973 Paul Lauterbur akatoa picha zilizopigwa kwa nguvu za sumaku. Mashine za namna hiyo leo huyaonyesha hata maji yenyewe.

Sasa sikilizeni kazi inavyofanywa. Mbwa hupewa dawa ya usingizi. Daktari huondoa paa la mfupa, huchana ngozi nyembamba, na maji hutoka. Akiishia hapo, mfuko waweza kujaa tena. Kwa hiyo madaktari wengine hushona kingo za mfuko pembeni, ubaki wazi.

Mbwa wengi hupata nafuu, lakini si wote. Wengine ugonjwa huwarudia baada ya miezi au miaka. Kamba iliyobanwa siku nyingi huharibika, wala hakuna mshono wa kuirudisha. Basi ukimwona mbwa wako akiyumba, usingoje alie. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mapema. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujibu:

1. Kwa nini mfuko wa maji huibana kamba ya mgongo?
2. Horsley alipofungua mfupa mara ya kwanza aliona nini? Kisha alifanya nini?
3. Kwa nini eksirei peke yake haikutosha?
4. Jirani yako akikwambia, "Mbwa wangu anayumba, lakini halii," utamjibu nini?

Kwaherini, tuonane katika somo lijalo.