Chama kilichozaliwa katika daftari la madeni

Majira ya baridi kati ya mwaka 1889 na 1890, wakulima wa Kansas, Marekani, walitia mahindi motoni badala ya makaa ya mawe. Bei ya mahindi ilikuwa imeporomoka, na mwenye reli alidai nauli iliyokula karibu thamani yote ya mzigo. Ilikuwa nafuu kuota moto wa mahindi uliyolima kwa jasho lako kuliko kununua makaa.

Kusini, kwenye pamba, kisu kilikuwa kimegota mfupani. Mkulima hakuwa na fedha taslimu. Mbegu, unga na nguo za watoto alivichukua dukani kwa mali kauli, kwa bei ya juu kuliko ya taslimu, na rehani yake ilikuwa pamba ambayo hata haijaota. Wakati wa mavuno alileta marobota yake, yakapimwa, mwenye duka akafungua daftari na kujumlisha. Mara nyingi jibu lilikuwa lile lile: bado unadaiwa.

Katika daftari hilo ndimo kilimozaliwa Chama cha Umma, ambacho wafuasi wake waliitwa Wapopulisti. Ila kabla ya chama kulikuwa na ushirika. Muungano wa Wakulima, ulioanzia Lampasas, Texas, mwaka 1877, ulituma walimu wake vijijini kufundisha habari za bei, riba na sarafu. Mwaka 1889 kiongozi wake, Charles Macune, alipendekeza serikali ijenge maghala, mkulima ahifadhi mazao yake humo, apewe mkopo wa riba ndogo wa hadi asilimia 80 ya thamani yake, kisha auze bei ikipanda. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, waliozoea stakabadhi ghalani, watalitambua wazo hili mara moja. Wakubwa wa vyama vya Democratic na Republican hawakulipokea.

Basi wakulima wakaunda chama chao. Kansas walitangulia mwaka 1890, wakanyakua viti 5 kati ya 7 vya jimbo hilo katika Baraza la Wawakilishi. Mary Elizabeth Lease alizunguka akihutubia umati, ingawa yeye mwenyewe, kwa kuwa mwanamke, hakuruhusiwa kumpigia kura mbunge.

Tarehe 4 Julai 1892, mjini Omaha, ilani ya chama cha kitaifa ilipitishwa. Utangulizi wake uliandikwa na Ignatius Donnelly wa Minnesota. Ilidai reli na simu ziwe mali ya umma, mwenye kipato kikubwa atozwe kodi kubwa zaidi, na madini ya fedha yatumike kama sarafu pamoja na dhahabu ili pesa ziongezeke mikononi mwa watu. Maazimio yake yalitaka kura ya siri, na maseneta wachaguliwe na wananchi wenyewe. Mgombea urais alikuwa James Weaver, aliyeipigania Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mgombea mwenza, James Field, alipoteza mguu akiipigania Kusini. Walipata kura zaidi ya milioni 1.

Mtihani mkubwa ulikuwa rangi. Wakulima weusi walikuwa na muungano wao, kwa sababu ule wa weupe uliwafungia mlango. Tom Watson, Mpopulisti wa Georgia, alisimama hadharani akawaambia weusi na weupe kwamba anayewaibia ni mmoja. Waliomfuata walijibiwa kwa wizi wa kura, vipigo na mauaji. Watson huyo huyo baadaye akageuka mhubiri wa chuki dhidi ya weusi. Kwangu mimi huo ni usaliti mkubwa kuliko kushindwa kokote kwenye sanduku la kura.

Kilichokimaliza chama ni uchaguzi wa 1896. Democratic walidaka hoja ya sarafu ya fedha na kumsimamisha William Jennings Bryan. Wapopulisti, mkutanoni St. Louis, wakaamua kumuunga mkono. Maghala na reli vikasahauliwa. Bryan akashindwa na McKinley wa Republican, na chama hakikuinuka tena.

Lakini mwaka 1913 madai mawili ya Omaha yalitimia, katiba ya Marekani iliporekebishwa mara mbili: kodi ya mapato ikaruhusiwa, na maseneta wakaanza kuchaguliwa na wananchi. Donnelly alikuwa amefariki mwaka 1901. Weaver alifariki Februari 1912.