Mkata Upepo

Mpanda baiskeli atokaye Kibaha kuja Mbezi Luis ana mzigo mmoja ambao hakuufunga kwenye keria: hewa iliyo mbele yake. Akienda kilometa 30 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zake huishia katika kuisukuma hewa hiyo; mwendo ukiongezeka maradufu, ukinzani wake huwa mara nne. Amfuataye kwa karibu hupita katika njia iliyokwisha kufunguliwa, na huweza kuokoa theluthi moja hivi ya nguvu zake.

Mwaka 1899, huko Long Island nchini Marekani, Charles Murphy alithibitisha jambo hili. Mbao zilitandikwa kati ya reli, behewa la nyuma likajengewa kinga ya upepo, naye akalifuata treni kwa baiskeli. Alimaliza maili moja kwa sekunde 57.8.

Lakini treni halichoki, mtu huchoka. Ndiyo maana katika mashindano waendeshaji hupokezana kukaa mbele, na kila timu ina watumishi ambao kazi yao ni kumkinga kiongozi.

Mfano ulio karibu nasi ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundwa mchezo huu na Mkenya David Kinjah. Katika mbio za kuizunguka Ufaransa za mwaka 2012 alikuwa mtumishi wa Bradley Wiggins. Siku moja mlimani, Froome alimwacha kiongozi wake nyuma. Akaamriwa kwa redio amsubiri, naye akasubiri. Wiggins akashinda, Froome akawa wa pili. Mwaka uliofuata zamu iligeuka: wengine, akiwamo Richie Porte wa Australia, walimtumikia yeye, naye akashinda. Alishinda tena mwaka 2015, 2016 na 2017.

Usione vyaelea, vimeundwa. Orodha ya washindi huandika jina moja, wala haitaji migongo iliyopasua upepo. Hata hivyo, vipimo vya siku hizi vimeonyesha kwamba hata aliye mbele hupata nafuu kidogo anapofuatwa kwa karibu.

Kufuata si aibu, ndugu msomaji. Aibu ni kujificha nyuma ya mwenzako safari nzima, na zamu yako ikifika ukakataa kuipokea.