Steringi Hafi: Historia ya Muvi Mbovu Zilizopendwa Kuliko Kali

Kabla ya 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha TV. Aliyetaka muvi alitafuta deki na kanda, na kwa wengi mtaani hiyo ilimaanisha kibanda umiza: benchi za mbao, joto kali, TV moja, kiingilio mlangoni.

Muvi kama Commando ya 1985 zilifaa kabisa kwa kibanda. Steringi mmoja anafyeka jeshi zima, na risasi zao karibu zote zinamkosa. Gari ya njano inapondwa ubavu, mara ghafla iko nzima kama imetoka dukani! Mtu anaona kabisa, anacheka, halafu anaangalia tena.

Wapo wanaosema huo ni ushamba tu. Wapi! Wakaja maDJ wa kutafsiri, wakawapa maadui majina ya mtaani na kuchomekea utani usiokuwemo kwenye muvi. Kosa la Hollywood likawa kichekesho cha Kiswahili.

Uganda wanawaita VJ. Who Killed Captain Alex? ya 2010, kutoka Wakaliga, Kampala, ilitengenezwa kwa hela ya mboga ikatazamwa dunia nzima. Nakala iliyobaki ni yenye kelele za VJ tu. Ile ya kimya ilishapotea.

Na ndo ukweli wenyewe. Muvi kali unaweza kuangalia peke yako, ila mbovu inataka watu. Siku hizi kila mtu na simu yake, benchi limebaki kwenye magrupu ya WhatsApp.

Muvi gani mbovu huwezi kuiacha? Itaje hapo chini.